Matini, Sharhe na Hashiya: Namna ya Kuandika Noti za Chuo



Ndugu zangu katika imani, kila mwaka wa masomo ukianza, sisi tunaopanga vyumba huku Musaga huulizwa na wageni wa mwaka wa kwanza swali moja: "Kaka, una noti za kozi fulani?" Anachotaka ni silabasi, yaani lile rundo la fotokopi ambalo profesa aliliandika, asistanti akaliongezea, na wanafunzi wa miaka mitatu iliyopita wakalipigia mistari kwa biki za rangi zote. Ninampa. Ila namwambia kwamba hapo amepata maneno ya mwalimu tu. Noti atapaswa kuziandika mwenyewe.

Nalieleza jambo hili kwa urefu kidogo kwa sababu wengi wetu tunaanguka bila kuwa wavivu. Mtu anakesha, anakariri kurasa 80 za Kifaransa, anaingia mtihanini, anakuta swali limegeuzwa kidogo tu, na ukurasa aliouhifadhi hauna mahali pa kuingilia. Sesheni ya kwanza inapita. Anasubiri ya pili, anakariri kurasa zilezile kwa nguvu zaidi. Huku nyuma, mzazi wake Rumonge anauza mawese ili kodi ya chumba ilipwe.

Chanzo kikubwa, kwa ninavyoona, ni lugha. Tunafundishwa kwa Kifaransa, tunafikiri kwa Kiswahili na Kirundi, na tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 tunazidi kukutana na vitabu vya Kiingereza. Mwanafunzi anayekariri sentensi asiyoielewa anabeba mzigo uliofungwa. Anaweza kuufikisha, lakini hawezi kukwambia ndani mna nini.

Sasa, sisi tuliopita madrasa tunayo dawa ya ugonjwa huu, na sijui kwa nini huwa tunaiacha mlangoni mwa chuo. Kumbuka ulivyosoma Safinatun-Najaa. Kitabu kile kidogo cha fiqhi ya Kishafii kiliandikwa na Sheikh Salim bin Sumayr, Mhadhrami aliyefia Batavia, mji unaoitwa leo Jakarta, katika karne ya 19. Ni cha Kiarabu, na wewe ulikuwa mtoto wa Buyenzi usiyejua Kiarabu. Ustadhi alifanyaje? Alisoma kipande kama kilivyo, akakurudisha mpaka ulimi ukanyooka. Kisha akakifasiri kwa Kiswahili, neno kwa neno. Kisha akachukua birika, akanawa uso, akasema mpaka wa uso ni hapa na hapa. Mwisho akauliza: na mwenye bendeji mkononi, je? Hakuna ustadhi aliyekwambia usubiri uijue nahau ya Kiarabu ndipo uelewe udhu.

Wanazuoni wana majina ya tabaka hizo. Maneno ya asili ni matini. Maelezo yake ni sharhe. Na yale yanayoandikwa pembeni, yenye maswali, pingamizi na hali za nadra, ni hashiya. Ukifungua vitabu vya zamani vilivyochapwa Misri utaona mara nyingi matini na sharhe zimekaa ukurasa mmoja, moja katikati na nyingine pembezoni. Safina yenyewe ina sharhe mashuhuri, Kashifatus-Sajaa, ya Sheikh Nawawi wa Banten, Mjava aliyesomesha Makka.

Kaye ya chuo nayo naipanga hivyohivyo. Naifungua kurasa mbili. Kushoto naandika matini: kanuni au tafsiri ya neno kama profesa anavyoitaka, kwa Kifaransa, kwa ufupi, bila kupunguza neno lenye uzito. Hiyo lazima ibaki Kifaransa kwa sababu ndivyo utakavyojibu mtihani. Kulia naandika sharhe kwa Kiswahili, na sharti lake ni moja: neno la Kifaransa haliruhusiwi kuvuka. Likikosa jina la Kiswahili, lieleze kwa maneno mengi. Chini ya kurasa zote mbili naacha nafasi ya vidole vinne kwa ajili ya hashiya.

Sharti hilo la sharhe ndilo linalouma, na ndilo lenye faida. Chukua neno "élasticité" katika uchumi. Matini inasema ni uwiano kati ya mabadiliko ya asilimia ya kiasi kinachonunuliwa na mabadiliko ya asilimia ya bei. Sawa, umeikariri. Sasa ieleze kwa mama anayeuza sokoni. Bei ya ndagala ikipanda, mteja anapunguza fungu au anahamia maharage. Bei ya chumvi ikipanda, ananung'unika na kununua chumvi ileile, maana mchuzi hauendi bila chumvi. Basi ndagala ina élasticité kubwa, chumvi ina ndogo. Kwa hesabu: bei ikipanda kwa asilimia 10 na kiasi kikashuka kwa asilimia 20, jibu ni –2. Hashiya yake: kwa nini kuna alama ya kutoa? Kwa nini serikali nyingi hupenda kutoza kodi vitu ambavyo watu hawawezi kuviacha? Aliyeandika hivyo hahitaji kuhofia swali lililogeuzwa.

Wa hisabati huniambia, "Kaka, hayo ni ya watu wa maneno. Sisi tuna fomula." Hapana, wao ndio wanaohitaji sharhe kuliko wote. Tazama nadharia ya Rolle. Matini: kama f haikatiki kwenye [a, b], ina "dérivée" kwenye ]a, b[, na f(a) = f(b), basi kuna c kati yao ambapo f'(c) = 0. Sharhe: ukipanda moja ya vilima vilivyo juu ya Musaga ukashuka ng'ambo hadi usawa uleule ulioanzia, pana mahali ulipokuwa hupandi wala hushuki. Hashiya ndiyo yenye utamu: je, nikiondoa lile sharti la "dérivée"? Chora |x| kutoka –1 hadi 1. Pande zote mbili thamani ni 1, mstari haukatiki popote, lakini chini una ncha kali kama mgongo wa paa la bati uliopinduliwa. Hakuna mahali palipo tambarare. Kumbe sharti lile halikuwekwa kwa mapambo! Kila nadharia ifanyie hivyo: ondoa sharti moja, tafuta mfano unaoivunja. Ukishindwa kuupata, hiyo ndiyo sehemu usiyoielewa, na hilo ni swali zuri la kumpelekea asistanti.

Kwa wa sheria nina maneno mengi zaidi, maana wao ndio warithi wakubwa wa fotokopi, na urithi huo una hatari yake. Noti za mtu aliyesoma chini ya Katiba ya 2005 zitakwambia kwamba nchi ina makamu wawili wa rais na muhula wa miaka 5. Katiba ya 2018 ina makamu mmoja, ina waziri mkuu, na muhula ni miaka 7. Kanuni ya adhabu ya 2009 ilifuatwa na ile ya Desemba 2017. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na komuni kutoka 119 hadi 42. Mwandiko wa kaka yako unaweza kuwa mzuri na kila neno likawa kweli siku aliyoliandika, na wewe ukaanguka nalo.

Mwanafunzi Mwislamu hapaswi kushangaa. Tumefundishwa kuna nasikh na mansukh, hukumu inayoondoa na hukumu iliyoondolewa, na kwamba asiyezitenganisha hafai kutoa fatwa. Basi juu ya kila ukurasa wa sheria andika jina la sheria, namba ya kifungu na tarehe ya kutolewa. Usipojua tarehe, acha nafasi nyeupe uende maktaba. Usiijaze kwa kubahatisha. Na hapo nilipotaja nasikh niongeze isnadi. Hadithi haipokewi bila wapokezi wake kujulikana, na noti nazo ziwe hivyo: "amesema profesa darasani tarehe fulani", "silabasi ukurasa wa 34", "maelezo ya mwenzangu". Siku mbili kauli zikigongana utajua ipi ina nguvu. Noti zilizochanganya kauli ya profesa na dhana ya jirani wa dawati hazina tofauti na uvumi.

Tena kuna maneno yanayomvua mtu alama kimyakimya. Katika sheria zenye asili ya Kifaransa na Kibelgiji, "crime" ni daraja la makosa mazito, juu ya "délit" na "contravention". Kwa Kiingereza neno hilohilo hubeba kosa la jinai la aina yoyote. Ukisoma makala ya Nairobi asubuhi na silabasi yako jioni, andika tofauti hiyo kwenye hashiya kwa herufi kubwa.

Historia niipitie haraka. Tarehe peke yake ni kama namba ya simu isiyo na jina. Burundi ilipata uhuru 1 Julai 1962. Kila mtu anaijua. Hashiya: kwa nini Rwanda nayo ni siku hiyohiyo? Kwa sababu Umoja wa Mataifa uliziweka nchi zote mbili chini ya udhamini wa Ubelgiji kama eneo moja, Ruanda-Urundi. Sasa tarehe imeshikana na sababu na haipotei.

Kuna mitego ya namba inayowahusu watu wa vitivo vyote. Kwa Kifaransa mkato ndio unaotenga sehemu ndogo: 1,250 ni moja na robo. Kwa Kiingereza, na katika vitabu vingi vya kutoka Tanzania, mkato hutenga maelfu: 1,250 ni elfu moja mia mbili na hamsini. Kwa wa uchumi hilo ni aibu ya siku moja. Kwa daktari anayesoma kipimo cha dawa, ni mtu aliyelala kitandani. Vivyo hivyo, "milliard" ya Kifaransa ndiyo bilioni yetu ya Kiswahili na "billion" ya Kiingereza. Lakini "billion" ya Kifaransa ni trilioni, mara elfu moja zaidi. Vifupisho navyo hugeuka: PIB ni GDP, TVA ni VAT, ADN ni DNA, VIH ni HIV, OMS ni WHO. Ukurasa wa mwisho wa kaye yangu ni wa mambo haya tu, na ndio ukurasa pekee ninaowaruhusu wenzangu waupige picha.

Tukiwa kwa madaktari: kwao sharhe inapita mtihani. Mgonjwa atakayekuja mbele yako Kamenge hatakuja na Kifaransa. Atasema kwa Kirundi au kwa Kiswahili kwamba kuna kitu kinamchoma ubavuni, nawe utatakiwa kumjibu. Wenzetu wa udaktari wanaokaa nasi nimewashauri waandike kila kiungo kwa lugha zote wanazozihitaji: "foie" ni ini, "rein" ni figo, "rate" ni bandama. (Sikio la mgeni lina kazi hapa, maana "foie", "foi" na "fois" hutamkwa sawa: ini, imani na mara.) Na "umuti" wa Kirundi ni dawa, si mti wa Kiswahili, ingawa babu zetu walizitoa dawa kwenye miti. Kushoto, mahali pa matini, wao wasiandike maneno kabisa. Wachore. Mchoro wa moyo wenye vyumba vinne na mishale ya damu, uliochorwa kitabu kikiwa kimefungwa, una faida kuliko kurasa tano za maelezo yaliyonakiliwa. Ukisahau mshale mmoja utaona mara moja ulipopasahau. Maneno hayakuonyeshi hivyo, yanapita tu.

Hapa kuna jambo ambalo wenzetu hubishana: kuandika au kuhifadhi? Wapo wanaosema kaye ni ya mwenye kichwa dhaifu. Hao nawakumbusha Abdullah bin Amr bin Al-As (r.a.). Alikuwa akiandika kila alichokisikia kwa Mtume (s.a.w.), baadhi ya Maquraishi wakamkataza, akaacha, kisha akamweleza Mtume, naye akamwamuru aandike. Sahifa yake ikaitwa As-Sadiqa. Na wapo wa upande wa pili, walioridhika kwa sababu kila kitu kimo kwenye simu. Hao nawapa kisa cha Imamu Al-Ghazali, rahimahullah, aliyefariki mwaka 1111. Alipokuwa kijana alisafiri hadi Jurjan kusoma, akaandika noti za darsa za mwalimu wake. Njiani akirudi Tus, majambazi wakampora kila kitu. Akamfuata mkubwa wao akimwomba amrudishie karatasi zake tu, kwa kuwa hazina faida kwa mwizi na yeye alihama kwao kwa ajili ya kuzipata. Yule jambazi akacheka: unadaije kuwa na elimu ambayo sisi tukichukua mfuko wako unabaki huna? Akamrudishia. Ghazali akakaa Tus miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika, asije akaporwa tena.

Jambazi wetu leo ni simu iliyoanguka, ni umeme uliokatika usiku wa kuamkia mtihani, ni begi lililolowa mvua ya Aprili wakati unatembea kwa miguu kutoka Mutanga kwa sababu mafuta yamekosekana na mabasi hayaonekani. Kwa hiyo noti zikishaandikwa kazi imefika nusu. Nusu ya pili ni kufunika ukurasa wa kulia, kusoma matini ya kushoto, na kuisema sharhe kwa sauti. Kesho yake ufunike kushoto, usome sharhe, uandike matini kwa Kifaransa kwenye karatasi chakavu, kisha ulinganishe. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio linalohusu jambo hili. Wanafunzi walisoma maandishi mafupi. Baadhi wakayarudia kuyasoma, wengine wakaandika walichokumbuka bila kuyatazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na walioandika kwa kumbukumbu wakawaacha mbali. Ndiyo maana mtu hutoka chumbani usiku akijiona anajua yote, na wiki ya mtihani ikifika anajiuliza elimu imekwenda wapi. Ustadhi wetu alilijua hili bila jaribio. Ndiyo sababu darsa ya leo ilianza kwa kuulizwa ya jana.

Limebaki suala la kugawana. Tunapenda kusema elimu haifichwi, na ni kweli. Lakini mimi sitoi sharhe yangu, na nimelaumiwa kwa hilo. Hoja yangu ni hii: faida ya sharhe iko katika kuhangaika kutafuta maneno yako. Nikikupa yangu nimekupa silabasi nyingine, tena yenye makosa ya mwandishi mmoja na isiyo na isnadi. Matini nakupa, fotokopi nakuazima, tarehe za sheria nakutajia. Na kitu ninachokigawa kwa mkono mkunjufu kuliko vyote ni hashiya, maana swali zuri huvuka mlango bila kupoteza nguvu. Kuhusu wanaouza sharhe zao karibu na mitihani, sitoi hukumu ya fiqhi. Nasema tu kwamba mnunuzi analipia kitu ambacho hakiwezi kubebwa. Na vile vikaratasi vya kuingia navyo mtihanini havihitaji maelezo. Tunajua jina lake.

Tunachofanya sisi ni kukutana. Jumamosi baada ya Asri, wakaka chumba kimoja, wadada kwao, kila mmoja huleta hashiya moja iliyomshinda. Sharti ni kwamba umweleze mtu wa kitivo kingine. Wa sheria anamweleza wa kilimo nini maana ya "présomption d'innocence". Wa kilimo anamweleza wa hisabati kwa nini shamba la asidi hutiwa chokaa. Asiye wa fani yako hatakuonea haya. Atakuuliza maana ya neno uliloliruka, na hapo utajua kama ulilijua au ulilizoea tu.

Ukitaka kuanza, usianze na kozi zote. Chagua ile moja unayoiogopa zaidi, na katika hiyo chagua kurasa kumi za kwanza. Kurasa kumi za silabasi huwa zinaingia katika kurasa mbili au tatu za kaye, na za kwanza zitakuchukua muda mrefu mno, pengine jioni nzima kwa ukurasa mmoja. Hiyo ni kawaida. Kufikia sura ya tatu mkono unakuwa mwepesi, kwa sababu maneno ya fani yanajirudia na nusu yake umeshayapatia Kiswahili chake. Kaye iwe ya kurasa nyingi, yenye mistari, na usiandike nyuma ya karatasi kwa biki inayovuja. Wanaokaa Musaga na Kanyosha wanaotaka kujiunga nasi wamwone ndugu wa jumuiya anayegawa jarida hili baada ya Ijumaa, atawaelekeza chumba. Waje na swali.

Wabillahi tawfiq.